Pima Jengo Likiwa Tupu

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wifi yangu, kisha wale wanangu wawili ambao najua wataigombania bahasha hii kabla hujaiona. Waambie shangazi yao anawapenda, na kwamba humu ndani hamna picha wala peremende, ni maneno ya watu wazima tu. Je, kile kikohozi cha mdogo kimekwisha? Wifi bado anaumwa mgongo kwa kuinamia cherehani? Na wewe mwenyewe, unalala? Mara ya mwisho kwenye simu sauti yako ilikuwa ya mtu aliyekesha, ingawa ulijitia kucheka.

Sisi huku tunavuta pumzi, tunashukuru. Mama anakula, anasinzia mchana, anagombana na redio anaposikia mtangazaji anaongea upuuzi. Kuhusu macho yake sitakuficha. La kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita, basi. Daktari alituambia ile presha ya macho dawa yake ni kulinda kilichobaki, na kilichopotea hakirudi, sasa kilichobaki chenyewe ni kidogo. Anamimina chai kwa kutia kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Anaungua, ananyonya kidole, anacheka, ananiambia mbona mimi nina macho mawili na bado namwaga.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi Chiriku ambaye tangu utoto siwezi kukaa na neno hadi jioni. Lakini simu unayotumia ni ya kampuni, na mimi ndiye ninayekaa kwenye chumba ambacho kila ujumbe wa kampuni hupita. Najua nani anaweza kufungua nini. Kwa hiyo nimeona nishike kalamu kama watu wa zamani. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na usiisomee kazini.

Jambo lenyewe ni uhamisho wako. Najua mwisho wa mwezi unatakiwa kusaini uje makao makuu, idara ya madai ya bima, na ukishasaini ndiyo basi, tawi wanampa mtu mwingine. Najua pia kwa nini unataka kusaini: ni Mama. Naomba unisikilize tangu mwanzo, maana nikikurukia na mwisho utasema huyu mdogo wangu ameanza tena mambo yake.

Unakumbuka jinsi mtandao wa makao makuu ulivyokuwa. Nyinyi wa matawini mkituma madai ya mteja tunawajibu kesho yake, nanyi mkawa mnasema tumelala. Hatukulala. Tulikuwa tumekodolea macho kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha kompyuta, tukikibembeleza kama mtoto aliyekataa kula. Basi siku moja mkuu wetu wa kitengo cha kompyuta, ambaye jengo zima linamwita Antena kwa ule urefu wake na yale masikio yaliyosimama, aliniita akaniambia wakubwa wamekubali kununua vifaa vipya vya kurusha mtandao bila waya, na kazi ya kuchagua ananiachia mimi. Kaka, nilifurahi! Miaka yote hii mimi ni wa kuitwa printa ikikwama karatasi. Leo naambiwa nichague.

Vifaa vyenyewe umeshaviona mahali, ni vile visahani vyeupe vinavyobandikwa darini. Asiyejua hudhani ni vya kugundua moshi. Kila kimoja kinavutiwa waya wake mpaka juu, halafu kinarusha mtandao hewani na kompyuta na simu zilizo chini yake zinaudaka. Ukiviangalia vyote vinafanana, lakini havifanani hata kidogo. Kuna kinachofika mbali lakini wakikitumia watu wengi kwa pamoja kinapaliwa. Kuna kinachobeba watu wengi bila shida lakini kikikutana na ukuta wa zege kinanywea. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake, kabla hajauliza bei, anauliza swali moja: hapa watakaa watu wangapi, na watakuwa wanafanya nini? Ukikosea hapo umekosea kila kitu.

Wauzaji walikuja, wewe. Mmoja alitinga na suti na kitabu cha picha za rangi, akaapa kwamba kisahani chake kimoja tu kinatosha ghorofa nzima, hata zege kinapenya. Nikamwomba akiwashe ndani ya chumba cha majalada, kule kwenye makabati ya chuma, nami nikasimama upande wa pili wa ukuta na kompyuta yangu. Hakikuja kitu. Akasema labda kompyuta yangu ni mbovu. Nikamwambia atoe yake. Akatoa, akaiinua juu, akaizungusha huku na huku mbele ya watu, mwishowe akafunga kitabu chake cha picha na kuomba maji ya kunywa. Tulicheka siku nzima.

Kupima ni kazi ya miguu. Unaning'iniza kisahani cha majaribio mahali unapofikiria kukiweka, halafu unatembea na kompyuta mkononi, hatua kwa hatua, na ramani ya ghorofa inajipaka rangi kwenye kioo. Kijani ni kuzuri, njano ni kwa kuvumilia, nyekundu hakuna kitu. Mahali nilipokaa zaidi ni ghorofa ya pili, kwenye idara ya madai, kwa sababu hapo ndipo penye watu. Ungewaona! Meza zimegusana migongo, majalada yamepangwa sakafuni mpaka inabidi upite kiupandeupande, simu zinalia, mtu anabishana na fundi wa magari kuhusu bampa, mwingine anamtuliza mjane kwenye simu kwa sauti ya chini.

Hapo niligundua jambo ambalo wale wa vitabu vya picha hawalisemi. Mtu ni kizuizi. Mwili wetu umejaa maji, na maji yanakunywa mawimbi ya mtandao yakaisha. Asubuhi kabla hawajaingia, ramani yangu ilikuwa ya kijani kila pembe. Walipofika wote na kukaa, rangi iligeuka njano, na kule karibu na dirisha la nyuma ikawa nyekundu kabisa. Nilirudia siku nyingine nikidhani nimekosea, ikawa vilevile. Nikajiwekea sheria: sipimi jengo tupu. Ninapima watu wakiwa ndani, wanaongea, wanapita na vikombe vyao vya chai.

Mwenyeji wangu mle ndani alikuwa Mama Mapacha, yule mwenye sauti kubwa ambaye mmezungumza sana kwenye simu habari za madai ya magari. Anakusifu kupita kiasi, anasema wewe ndiye mtu pekee wa matawini anayetuma majalada yaliyokamilika. Aliniuliza kama mashine yangu inaweza pia kuonyesha nani hajaoga, akamwangalia jirani yake, idara nzima ikaangua kicheko. Halafu akanishika mkono akanipeleka kwenye meza iliyo kando ya dirisha la nyuma. Akasema hiyo ameifuta mwenyewe na kufungia droo yake, asije mtu akaivamia, kwa sababu ni ya kaka yangu. Ndipo pale penye rangi nyekundu. Nikamwahidi kwamba kisahani kimoja, tena kile kikubwa, kitakaa moja kwa moja juu ya meza yako. Kaka, niliiweka ile alama kwenye mpango nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Na nyumbani huku Mama naye alikuwa hakamatiki. Tangu umwambie kwamba huenda ukahamia, alikisafisha chumba chako cha zamani kwa kupapasa. Ukuta wote kaupitisha kitambaa, mpaka mahali ambapo mikono yake inafika. Juu yake palibaki na vumbi, likafanya mstari mzima kuzunguka chumba, nami sikuligusa. Kila jirani anayepita anaambiwa: mwanangu anarudi. Jirani wa upande wa pili ameshaambiwa mara nyingi mpaka sasa anajibu kabla hajaulizwa.

Basi nikapeleka mpango wangu. Kwa ghorofa ya pili nilichagua vile visahani vya kubeba watu wengi, kwingineko vile vidogo. Meneja Utawala akatuita mimi na Antena. Alikuwa mpole, alinisifu kwa kazi safi, halafu akasema ghorofa ya pili nimezidisha, kisahani kimoja kidogo kwenye korido kinatosha. Mimi nikajua ni ubahili. Basi hapo nikamwaga ujuzi wangu wote. Nikamweleza habari ya miili na maji, nikamwonyesha ramani za rangi, nikamwambia kwamba akiweka kimoja pale korido idara ya madai itakuwa kiziwi na bubu, na wateja watatukimbia. Antena akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananitia moyo! Nikaongeza sauti. Loo, unavyonijua wewe, nilikuwa nimepamba moto kweli.

Meneja alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema niende nikapime tena Jumapili, jengo likiwa tupu, na mpango niutengeneze kwa kipimo hicho.

Nilitoka nimevimba. Njia nzima nilikuwa nikimlalamikia Antena kwamba tunaongozwa na watu wasiojua hata wanachosema, nani anapima ofisi ikiwa haina watu, si ni sawa na kupima nguo kwenye hanga? Antena alikuwa akiangalia viatu vyake. Mwishowe akaniambia nifanye tu nilivyoagizwa, akaingia chooni, akakaa huko muda mrefu.

Jumapili nikaenda. Mlinzi alinifungulia, nikapanda peke yangu. Kaka, sijui kama umewahi kuingia mahali pa kazi pasipo na mtu. Sweta za watu zimetundikwa kwenye migongo ya viti. Kikombe kina alama ya rangi ya mdomo. Chini ya kioo cha meza ya Mama Mapacha mapacha wake wamesimama na sare za shule, wamekunja uso kwa jua. Nikatembea na kompyuta yangu, na ramani ikajipaka kijani, kijani, kijani, mpaka kwenye meza yako kando ya dirisha. Kwa kile kisahani kidogo cha korido! Bado sikuelewa. Nakuapia sikuelewa. Nilichokuwa nikiwaza ni namna ya kumweleza yule bwana kwamba kijani hiki ni cha uongo.

Kesho yake asubuhi nikamfuata ofisini na ramani zote mbili. Nikaziweka mezani kwake, nikamwomba kwa heshima azitazame, nikamweleza kwamba hii ya Jumapili inadanganya, kwa sababu haina watu, na sisi tunanunua vifaa kwa ajili ya watu. Aliinuka akafunga mlango. Akasema ramani ya Jumapili ndiyo ya kweli. Akasema ndivyo ghorofa itakavyokuwa kabla mwaka haujaisha.

Alinieleza yote, labda kwa sababu alichoka kubishana nami. Kazi ya madai yote wanaipa kampuni nyingine ya nje, itakayoifanya kwa watu wake na mahali pake. Idara ya madai inafungwa. Wafanyakazi wataambiwa baada ya majalada yote kukabidhiwa, si kabla, maana wakijua watakata tamaa na kazi italala. Ghorofa itabaki na mlinzi na makabati. Kisahani cha korido ni kwa ajili ya mlinzi. Alisema hivyo hivyo, kwa ajili ya mlinzi.

Nilijikaza nikamwuliza, kama mtu anayeuliza ya kupitia tu, mbona basi nasikia analetwa mtu wa madai kutoka tawini. Hajui kwamba mimi na wewe ni tumbo moja, sijui kwa nini, labda hajawahi kujali. Akajibu kwamba kuna majalada ya zamani yaliyochanganyikana, na huyo wa tawini anayajua, kwa hiyo atayafunga pamoja na wengine, kisha ataondoka nao. Miezi michache tu. Alilisema hilo akitafuta kalamu yake.

Sasa sikia vizuri, kwa maana hapa ndipo panapokuhusu. Tawi lako halifungwi. Kwenye mpango lina kisahani chake, nimekichagua mimi mwenyewe, na ni cha kubeba watu, kwa sababu matawi yanabaki kupokea wateja na kazi yenu itaongezeka. Ukikataa uhamisho unabaki ulipo na mkataba wako ule ule. Ukisaini, unakuwa mtu wa idara ya madai, na utaondoka na idara ya madai.

Kabla sijatoka aliniambia wanaojua ni wa kuhesabika kwenye vidole, na neno hili likisikika nje atajua mlango wa kugonga. Nikaitikia. Nikashuka ngazi, nikaagiza visahani kama alivyotaka yeye.

Tulianza kuvifunga wiki iliyofuata. Mimi ndiye niliyepanda ngazi pale korido ya ghorofa ya pili na kukaza skrubu za kile kimoja. Watu wa madai walitoka kunitazama, wakashangilia, wengine wakatoa simu kujaribu. Mama Mapacha akauliza mbona chumbani kwao havionekani, vile vikubwa nilivyowaahidi viko wapi. Nikiwa juu ya ngazi, nikiwa nimewapa kisogo, nikasema viko njiani. Akawatangazia wenzake kwamba viko njiani, akaniletea chai, akanishikilia ngazi nisianguke. Tangu siku hiyo natumia ngazi za nyuma. Nikimsikia anacheka kwenye korido najificha, mimi, mtu mzima.

Ningeweza kuishia hapa na ungenishukuru. Lakini kuna lililobaki, kaka, nalo ndilo lililonifanya niandike na kuchana, niandike na kuchana.

Uliponipigia ile Jumatano kuniuliza kama uhamisho ni wa maana, na kama kazi ya huku ina uhakika, nilikujibu uje. Nilikwambia kazi ni nzuri, watu ni wazuri, meza yako ina dirisha. Ulinishukuru. Ulisema sasa roho yako imetulia. Kaka, nilipokuwa nikikuambia hayo nilikuwa nimeshatoka kwenye ofisi ya yule bwana. Nilikuwa najua. Kila kitu nilikuwa najua.

Sikumwogopa Meneja. Ningeweza kukuandikia siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu nilikutaka hapa. Nimechoka, kaka. Naondoka asubuhi nimemwekea Mama chakula mezani, na kutwa nzima nawaza kama amegusa jiko. Narudi nakuta amenisubiri mlangoni, amekaa wima, hajaongea na mtu tangu nilipotoka, na mimi mwenyewe sina neno lililobaki mdomoni. Kuna mtu alikuwa akija kunitembelea, mtu mwenye nia nzuri. Ameacha kuja, na simlaumu, maana mara zote nilikuwa naangalia saa. Wewe unatuma matumizi kila mwezi, hujawahi kukosa, na Mama anakusifu kwa jirani. Hanisifu mimi. Nani amsifu mtu aliye naye kila siku?

Basi nikapiga hesabu zangu. Niliwaza kwamba ukija, ukafanya kazi hiyo miezi michache, wakakuondoa, utakuwa umeshauza vyombo, watoto wameshaingia shule za huku, huna pa kurudi. Utakaa. Mchana utakuwa nyumbani na Mama, na mimi nitatoka kama watu wengine wanavyotoka. Nilikupangia kufukuzwa kazi, kaka, nikakusubiri kama mtu anayesubiri likizo yake. Ndugu yangu wa damu. Nikawa nalala usingizi mzuri.

Halafu wiki iliyopita wifi alinitumia, kwa simu yako, ujumbe wa furaha kwamba amempata mtu wa kununua cherehani zake zote, na wateja wake ameshaanza kuwaaga. Ujumbe ule sikuujibu. Nilienda nikakaa karibu na Mama, nikamweleza yote, ghorofa, majalada, yule bwana, kila kitu. Nilitaka aniambie nikuambie. Nilitaka anigombeze.

Mama akaniuliza kama ni hakika. Nikamwambia ni hakika. Basi akasema nisikwambie. Akasema mwache aje, kazi zipo nyingi, mwanamume hakosi la kufanya, na yeye siku zake za kuona hata kile kivuli zinahesabika. Akasema anataka kukiona kivuli chako kikipita mlangoni kabla hakijazimika. Wifi atanunua cherehani nyingine. Watoto ni watoto, watazoea.

Kaka, nilimsikiliza mama yetu nikasikia maneno yangu mwenyewe. Yale yale niliyokuwa nayazungusha kichwani kila siku yalitoka mdomoni mwake moja baada ya jingine, na kwa sauti yalikuwa mabaya. Simlaumu. Yeye ni mama na giza linamwingilia, ana haki ya kutaka anachotaka. Mimi nina macho yangu yote. Kwa hiyo nakuambia: usisaini. Mzuie wifi asiuze cherehani. Waambie kazini mtoto ana kifua, au mke amekataa, au chochote kinachokuja mdomoni, lakini usisaini.

Mama Mapacha sijamwambia bado. Nimeanza na wewe, na nikikuandikia wewe nikanyamaza kwake sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Huenda nikapoteza kazi hii uliyonitafutia mwenyewe. Nimeliwaza hilo pia, na sina la kulifanya.

Ninapoandika haya Mama amekaa hapa hapa mezani, mbele yangu, mkono wake uko juu ya pembe ya karatasi kuzuia upepo usiipeperushe. Ameniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia nakuandikia wewe. Akauliza kama nimekuambia uje. Nimemjibu kwamba nimekuandikia jinsi tunavyokungoja, na hilo ni kweli. Akafurahi, akasema niongeze na salamu zake. Hizi hapa, nimeziandika kama alivyozitamka: mwanangu, chumba kiko tayari, godoro nimelianika juani, kitanda nimekisogeza ili ukiingia nikuone ukipita kwenye mwanga. Usiniletee kitu. Njoo tu mapema, mchana, jua likiwa bado lipo.

Hayo ni maneno ya Mama. Yangu umeyasoma. Ukishaamua, mpigie mwenyewe umwambie, kwa simu ya jirani yako na si hiyo ya kampuni, kwa maana mimi nitashindwa. Msalimie sana wifi, umwombe radhi kwa niaba yangu kuhusu ule ujumbe ambao sikuujibu. Wabusu watoto, na yule wa kikohozi asivue soksi.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku, ambaye hadi anafunga bahasha hii bado anatamani uje.